Tochi ya bei mbaya inakupa nini?

Aliyezihesabu ni mke wangu, si mimi. Alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo ya chini, akakuta tochi, akaiweka pembeni, akakuta nyingine, na nyingine tena. Mkasi hakuupata. Alipokuja sebuleni alikuwa na kipande cha karatasi chenye namba moja tu: 11. Hakusema neno. Alikiweka mezani mbele yangu, akaenda zake kuazima mkasi kwa jirani.

Nilijitetea moyoni, maana kwa sauti nisingethubutu. Mbili kati ya hizo ni mbovu. Moja ni zawadi. Ile nyeusi ndefu ni ya zamani, haihesabiki. Lakini kile kikaratasi kilishinda pale mezani, na kila nilipokitazama kiliniuliza jambo ambalo nimezoea kulijibu kwa jeuri ya mtu ambaye pesa zake zimeshatoka: hivi hizi za bei ya kutisha zinanipa nini ambacho ile ya bei chee hainipi?

Jibu fupi ninalo, na halitawafurahisha wauzaji wala wapenzi wenzangu wa tochi. Kutoka tochi ya hovyo hadi tochi ya bei ya kati unapanda ngazi ndefu sana. Kutoka ya bei ya kati hadi ya bei mbaya unapanda kingazi kimoja, na mara nyingine unashuka: unalipa zaidi, unapata mwanga pungufu. Jibu refu linaanzia kwenye boksi.

Kwenye boksi kuna namba kubwa ya lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, kama lita za maji zinazotoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Haikwambii maji yanarushwa wapi. Hilo utaambiwa na kandela, yaani ukali wa mwanga kwa upande mmoja. Ukibana mdomo wa mpira, maji ni yale yale ila yanafika mbali. Tochi mbili za lumeni 1,000 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja inamwaga mwanga mpana unaojaza chumba. Nyingine inapiga mstari mwembamba hadi ng'ambo ya bonde, na miguu yako mwenyewe huioni.

Tangu 2009 ipo kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1, na watengenezaji wengi wa maana huifuata. Ni kanuni nzuri, ila isome kama unavyosoma mkataba wa mkopo. Lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 tangu tochi iwashwe. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga uporomoke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi iliyoandikwa "lumeni 3,000, saa 3" inaweza kukupa hizo 3,000 kwa dakika moja na ushei, ikashuka hadi 800, ikaenda hivyo saa mbili na kitu, kisha ikajikongoja mpaka 300, na hakuna aliyekudanganya. Umbali nao ni hivyo hivyo: huhesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki laksi 0.25, karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Zidisha kandela kwa 4, tafuta kipeuo cha pili, umepata mita. Kandela 10,000 ni mita 200. Haya, nenda kasimame mita 200 kutoka kwenye kichaka chenye mwanga wa mwezi tu, uniambie kama kile ni kisiki au mbwa. Mimi hugawa kwa mbili, na nikiwa sina miwani hugawa kwa tatu.

Hao ni wanaofuata kanuni. Wasioifuata huandika lumeni 100,000 kwenye kidubwana cha plastiki chenye betri tatu nyembamba, na usiku wanalala vizuri tu.

Halafu kuna jicho. Jicho halihesabu kama mashine. Ili uone mwanga umeongezeka mara mbili, lumeni zinatakiwa ziongezeke karibu mara nne. Chukua tochi ya 500 na ya 1,000, mtu akuwashie kwa zamu bila kukwambia ipi ni ipi, utasita kabla ya kujibu. Nimelijaribu hili na shemeji yangu aliyekuja kunicheka. Alikosea mara mbili, akaacha kucheka, akaniuliza nimenunua wapi.

Na kuna joto, ambalo ndilo bosi wa mambo yote haya. Ninayo moja ndogo, inafichika kiganjani, inayofika kwenye lumeni 3,000. Ukiiwasha yote, ukuta unakuwa mweupe na watu wanasema "duh". Kufikia nusu dakika kiganja kimeanza kupata vuguvugu. Dakika moja, unahamisha vidole. Muda si mrefu inajipunguza yenyewe, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye mkutano kinyemelea. Si ubovu. Lumeni 3,000 zinataka wati kama 25 hadi 30, ambazo ni sawa na kile chuma cha umeme ambacho mafundi redio hukitumia kuyeyushia risasi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inageuka joto ndani ya kipande cha alumini kisichozidi kidole gumba. Hakuna ufundi wa kulikwepa hilo. Tochi inayoweza kukaa kwenye lumeni nyingi kwa saa nzima ni lazima iwe kubwa na nzito, na tochi kubwa na nzito hubaki nyumbani.

Hapa ndipo bei mbaya inapojichanganya yenyewe. Tochi nyingi za kifahari mwili wake ni wa titani. Inapendeza, haipati kutu, ukiishika unajiona mtu. Lakini ile aloi ya titani inayotumiwa sana hupitisha joto kwa kipimo cha kama 7, wakati alumini ya kawaida ya tochi ni kama 167, na shaba nyekundu iko karibu na 400. Maana yake ni kwamba tochi ile ile, yenye LED ile ile na betri ile ile, ikivikwa titani itachemka upesi karibu na kichwa na itajipunguza mapema kuliko ya alumini ambayo huenda ni nusu ya bei yake. Ninayo ya titani. Naipenda. Kama tochi, imezidiwa na ndugu yake wa alumini, nami nililipa zaidi nikijua hivyo.

Sasa niseme kile nilichokilipia bila kujuta.

Usiku mmoja mtoto alikuwa na homa. Ilikuwa saa nane usiku, amehangaika mpaka usingizi umemchukua, nami nataka kusoma kipimajoto ambacho kioo chake hakina taa. Nikapapasa, nikapata tochi ya bei chee. Aina hiyo mnaijua: ukibonyeza inaanza na mwanga wote, ukibonyeza tena inashuka nusu, ukibonyeza tena inaanza kumetameta kama disko. Nilikuwa natafuta mwanga mdogo, nikapitia disko. Mtoto akafumbua macho, akaangua kilio, mama yake akaamka, tukaanza upya wote watatu. Kipimajoto kilionyesha 38.4, ambayo baada ya hapo ilikuwa habari ndogo.

Tochi iliyotengenezwa na mtu anayetumia tochi haifanyi hivyo. Unabonyeza kitufe ikiwa imezimwa, unashikilia kidogo, inaamka na mwanga ulio chini ya lumeni moja. Ni mwanga wa kusomea tarakimu, wa kutafutia kandambili, wa kupita kitandani bila kumuudhi mtu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa sekunde moja tu unaifuta kazi hiyo yote. Watu huulizana juu ya mwanga mkubwa wa tochi. Waulizane juu ya ule mdogo. Nikipewa tochi mpya kuitazama, siku hizi naanza na chini. Inashuka hadi wapi? Inakumbuka nilipoiacha? Ile disko imefichwa mbali, au inanisubiri mlangoni?

La pili ni rangi. Hili nilikuwa sijali hata kidogo mpaka siku niliyokuwa narekebisha chaja ya zamani chini ya meza, tochi mdomoni. Rezista, vile vijidude vyenye mistari, hutambulika kwa rangi. Ya omu 1,000 ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Ya omu 10,000 ni kahawia, nyeusi, chungwa. Chini ya ule mwanga wa kibluu wa tochi yangu, nyekundu na chungwa zilikuwa kitu kimoja, rangi ya udongo uliochoka. Niliunganisha isiyo yenyewe. Chaja haikulipuka, haikufanya chochote, nami nilipoteza jioni nzima nikilaumu kila kitu isipokuwa tochi. Kesho yake, kwenye mwanga wa dirishani, mistari ile ilikuwa inanicheka.

Kipimo cha jambo hili kinaitwa CRI, na mwisho wake ni 100. LED nyingi za kawaida ziko kwenye 70 hivi, na udhaifu wao mkubwa ni rangi nyekundu. Zile nzuri zinavuka 90. Na zipo za kila namna ya mwanga: Kelvini 6,500 ni mweupe wa kibluu, 4,000 uko katikati, 2,700 ni manjano kama balbu za zamani. Mbona basi si kila tochi ina LED nzuri? Kwa sababu LED yenye rangi nzuri hutoa lumeni chache kwa nguvu ile ile, na boksi linataka namba kubwa. Kwa maneno mengine, yule anayekimbilia lumeni anakuuzia upofu wa rangi. LED kama Nichia 519A au Samsung LH351D zimekuwa vipenzi vya watu wa tochi kwa sababu hiyo. Na habari njema kwa mfuko ni kwamba huhitaji tochi ya kifahari kuzipata. Convoy S2+, kibomba cha alumini kinachotumia betri moja, huuzwa na LED unayoichagua mwenyewe, na ni tochi ya bei ya kati, tena kati ya chini. Kati ya 11 zangu hiyo ndiyo imechubuka kuliko zote, ishara kwamba ndiyo inayotoka nyumbani.

Betri. Hapa sina mzaha. Tochi nyingi za siku hizi hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, na namba hiyo ni vipimo tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ndugu yake mnene ni 21700. Ikijaa kabisa inakuwa na volti 4.2. 18650 nzuri kabisa hubeba kama milliampea-saa 3,500. 21700 kama 5,000. Ukiona 18650 imeandikwa 9,900, huo ni uongo wa mchana kweupe, na hauhitaji maabara kuuthibitisha. Ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Niliweka moja ya "9,900" kwenye mizani ya jikoni, ikaleta gramu 31. Nikaitikisa karibu na sikio, kama mtu anavyotikisa nazi. Sijui nilitarajia kusikia nini.

Uzito mdogo ni hasara ya pesa. Kinachotisha ni betri isiyo na asili inayobanwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa oringi, zile pete za mpira, lisipitishe maji. Ikichemka na kutoa gesi haina pa kupumulia. Kuchanganya betri mbili zisizolingana, moja imejaa na nyingine nusu, kwenye tochi inayozipanga kwa mstari, ni njia ya kujitafutia balaa. Ndiyo maana nikiulizwa tochi gani kwa mtu wa kawaida, najibu ya betri moja. Na ukinibana uniulize pesa ziende wapi kwanza, zitangulie kwenye betri halali na chaja ya kuaminika, tochi ifuate.

Betri za kawaida za volti 1.5 nazo zina kisa chao. Ile nyeusi ndefu isiyohesabika ilikuwa nzuri siku zake. Nikaiacha kwenye begi la dharura, na betri ndani, miaka miwili. Siku dharura ilipofika nilifungua kifuniko nikakuta unga mweupe umeganda kama chumvi, springi imeliwa, betri zimegoma kutoka hata kwa nyundo. Ni hidroksidi ya potasiamu, huvuja kutoka ndani ya betri za alkali zikizeeka, ikikutana na hewa inageuka huo unga, kabonati ya potasiamu. Hakuna bei ya tochi inayozuia hilo. Kinachozuia ni kuzitoa betri, au kuweka zile za lithiamu zisizochajiwa.

Na begi lingine lina tundu. Nililitia tochi yenye kitufe laini cha umeme, kikabonyezwa na kitabu, ikawaka dhidi ya kitambaa mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Tochi nzuri huwa na namna ya kufungwa isiwake: unalegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, umeme unakatika. Hili hufanya kazi tu kama nyuzi za kifuniko zimepakwa ule utando mgumu wa alumini usiopitisha umeme. Kwenye nyingi za bei chee nyuzi ni chuma kitupu, unalegeza na bado inawaka. Ukiwa dukani jaribu hilo. Muuzaji atakushangaa, mwache.

Ukijumlisha, mambo yenye faida ya kweli, yaani mwanga mdogo unaofikika upesi, rangi ya kweli, saketi inayoshikilia mwanga usififie kila betri inaposhuka, oringi zinazokaza, nyuzi zinazofunga, yote yanapatikana pale katikati. Kupanda juu ya hapo unanunua vitu vingine. Unanunua programu kama Anduril, inayokuruhusu kupanga karibu kila kitu kwa kitufe kimoja, na ambayo mgeni akiishika anaweza kunaswa humo asitoke. Unanunua vile vijibomba vidogo vya tritiamu, gesi yenye mionzi, vinavyong'aa gizani bila betri yoyote, mng'ao ukibaki nusu baada ya miaka 12 hivi. Unanunua tochi za leza zinazopiga mwali zaidi ya kilomita moja, mwembamba kiasi kwamba kutafutia ufunguo ulioanguka ni kama kupaka ukuta rangi kwa mswaki. Sikebehi. Nimeshasimama kwenye giza na moja ya hizo, nikagusa kwa mwanga kilima ambacho mchana huwa nakiona cha mbali, nikajisikia nina miaka tisa. Mvuvi wa Jumamosi hagawi bei ya ndoano kwa kilo za samaki, na mwenye ugonjwa wa tochi asidaiwe hesabu hiyo. Adaiwe tu asiwadanganye wengine kwamba wanahitaji alichokitamani yeye.

Mwaka 1899, David Misell alipopata hataza ya tochi ya mkononi huko Marekani, betri za wakati ule zilikuwa dhaifu kiasi kwamba mwanga haukuweza kukaa; ulikuwa unamulika kidogo, unapumzisha, unamulika tena. Leo simu iliyo mfukoni mwako inamshinda, na kwa watu wengi simu inatosha: ngazi, tundu la ufunguo, chini ya kiti. Pale simu isipotosha, kabla ya kufikiria tochi ya bei mbaya, fikiria taa ya kuvaa kichwani. Ni mbaya kwa sura, inakufanya ufanane na mchimba madini aliyepotea, lakini inakupa mikono miwili. Tochi ya gharama iliyobanwa kati ya bega na shavu inashindwa na taa ya kichwani ya kawaida kila mara.

Na wale ambao maisha yao yanategemea mwanga? Niliwahi kudhani watu wanaoingia mapangoni kuyachunguza ndio wenye tochi za bei za juu kuliko wote. Kanuni yao ya miaka mingi inasema kitu kingine: kila mtu aingie na vyanzo vitatu vya mwanga vinavyojitegemea. Vitatu. Hawaiamini tochi yoyote, hata iwe na sifa gani. Nilipomsomea mke wangu kanuni hiyo, kwa matumaini fulani, alisema, "Sawa. Bado nane."

Mkasi ulikuwa umeangukia nyuma ya droo. Tuliugundua juzi, umeme umekatika, yeye amepiga magoti mbele ya kabati na mimi namkabidhi tochi kama nesi kwenye chumba cha upasuaji. Nilianza na ya titani, kwa kujionyesha. Aliiwasha, akachungulia, akachungulia tena, kisha akanirudishia haraka. "Inachoma hii." Nikampa ile S2+ iliyochubuka. Akabonyeza mara mbili, akapata mwanga anaoutaka, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa na mkasi, peni mbili na soksi ya mtoto.

"Hiyo yangu," nikamwambia alipokuwa anaondoka nayo.

"Ilikuwa," akasema. Iko kwenye mkoba wake mpaka leo.